"Bado Kidogo" Haikutosha: Jinsi Programu za Safari ya Mwezini Zilivyopimwa Njiani

Mwenye kujenga nyumba hana haja ya kumsumbua fundi kwa maswali. Akifika kiwanjani jioni huona mwenyewe msingi umefika wapi, kuta zimepanda kozi ngapi, na kama kenchi zimekwisha kupandishwa. Mwenye shamba naye huhesabu matuta. Hata mama anayesuka mkeka, akiulizwa utakwisha lini, huukunjua ukili aliokwisha kuusuka akaupima kwa mkono, na jirani akajua kama mkeka utaiwahi harusi au hautaiwahi.

Lakini ipo kazi moja ya zama hizi isiyokubali kupimwa hivyo, nayo ni kazi ya kuandika programu, yaani yale maagizo yanayoiongoza kompyuta hatua kwa hatua. Kundi la waandishi mia moja laweza kukaa mwaka mzima likifanya kazi usiku na mchana, na mkubwa wao akipita asione lolote ila watu walioinama mezani. Akiuliza kazi imefika wapi hujibiwa, "Bado kidogo." Akiuliza mwezi ujao hujibiwa vivyo hivyo. Si kwamba wanamdanganya. Mara nyingi wao wenyewe hawajui.

Jambo hili si dogo. Mishahara, akaunti za benki, tiketi za ndege na fedha zinazotumwa kwa simu hutegemea programu, na programu hizo hupangiwa malengo ya mwaka mmoja, miwili au mitatu mbele. Lengo la wiki ijayo halina taabu, kwa kuwa wiki ikifika kila mtu ataona. Lengo la miaka kumi ni matumaini tu. Ni lile la katikati linalowatesa viongozi: liko mbali kiasi cha kuahirishwa leo bila mtu kushtuka, na liko karibu kiasi cha kuleta hasara na fedheha likikosekana.

Katika historia fupi ya kazi hiyo, hakuna kundi lililokuwa na lengo la katikati lililo wazi zaidi kuliko lile lililoandika programu za vyombo vya Apollo, vilivyowapeleka Wamarekani mwezini. Tarehe yao ilijulikana na ulimwengu mzima, na roho za watu zilikuwamo ndani ya kazi yao.

AHADI ILIYOTANGULIA KAZI

Tarehe 25 Mei 1961 Rais John Kennedy aliliambia Bunge la Marekani kwamba nchi yake iazimie kumpeleka mtu mwezini na kumrudisha salama kabla ya muongo ule kwisha. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo shirika la anga la nchi hiyo, NASA, liliwapa kazi ya kutengeneza mitambo ya uelekezi wa chombo wataalamu wa maabara moja ya chuo cha MIT, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, iliyokuwa chini ya Charles Stark Draper. Huo ulikuwa mmoja wa mikataba ya awali kabisa ya Apollo. Roketi yenyewe ilikuwa bado kwenye karatasi.

Kompyuta ndani ya chombo ilikuwa jambo geni. Vyombo vya kwanza vya Wamarekani, vilivyoitwa Mercury, havikuwa nayo. Hesabu zote zilifanywa na mitambo mikubwa iliyobaki ardhini, ikilishwa habari na vituo vilivyotawanywa duniani ili chombo kisipotee machoni kinapozunguka. Kimojawapo cha vituo hivyo kilikuwa Zanzibar, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na watu wa kituo hicho alipopita juu ya Afrika Mashariki. Kituo kilifungwa mwaka 1964. Lakini mwezi uko umbali wa kilomita zipatazo 384,000, na chombo kikipita upande wake wa nyuma hakuna redio inayokifikia. Chombo cha Apollo kilipaswa kuweza kujihesabia chenyewe.

Kompyuta iliyotokea ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake na ya kuchekesha kwa wakati wetu. Ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Kumbukumbu yake ya kudumu, mahali programu zinapokaa, ilikuwa na nafasi 36,864, na ile ya kuandikwa na kufutwa ilikuwa na nafasi 2,048 tu. Picha moja inayopigwa kwa simu ya siku hizi isingeenea humo.

Katika mipango ya mwanzo mambo yaliyopewa uzito yalikuwa vyuma, nyaya na vioo. Programu zilidhaniwa kuwa jambo la kumalizia, mfano wa rangi ya ukutani. Zilianza kwa unyonge, hazikuwa na ratiba ya maana, na kwa miaka minne hivi hakuna aliyeweza kusema kwa hakika zimefika wapi.

KWA NINI ASILIMIA HUDANGANYA

Wakati huo huo, kampuni ya IBM ilikuwa katika mashaka ya namna hiyo hiyo, tena makubwa zaidi kwa hesabu ya watu. Tarehe 7 Aprili 1964 ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360, na ikaahidi kuwa zitakuja na programu kuu moja ya kuziendesha. Msimamizi wa programu hiyo alikuwa Frederick Brooks. Kazi ilipopamba moto iliajiri zaidi ya watu 1,000, na kati ya mwaka 1963 na 1966 ilimeza jasho linalokisiwa kuwa sawa na la watu 5,000 kila mmoja akifanya kazi mwaka mzima. Hata hivyo ilichelewa, ilikula fedha nyingi kupita makisio, na ilipotoka ilikuwa na kasoro tele.

Brooks alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwaka 1975 akachapisha kitabu, The Mythical Man-Month, ambacho hata leo, baada ya kufariki kwake mwaka 2022, wasimamizi wa kazi hizi wanakisoma. Ndani yake aligawa muda wa kazi ya programu kwa namna iliyowashangaza wengi. Theluthi moja ni ya kupanga na kubuni. Sehemu moja ya sita tu ndiyo ya kuandika programu yenyewe. Nusu yote inayobaki ni ya kujaribu: robo kwa vipande kimoja kimoja, na robo kwa vipande vyote vikiwa vimeunganishwa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwandishi akimaliza kuandika huona mbele yake kazi nzima, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa dhamiri safi husema asilimia 90 imekwisha. Kumbe amefika katikati ya safari. Nusu ya pili ndiyo yenye makosa yaliyojificha, nayo hayaji kwa zamu kama matuta ya shamba. Kosa moja laweza kutafutwa saa moja, na jingine majuma matatu. Ndiyo maana ripoti za kazi hizi hupanda upesi hadi asilimia 90 na kisha hukaa hapo miezi mingi, kama gari la abiria lililokwama tope mita chache kutoka stendi.

Brooks aliona jambo la pili, ambalo wakubwa wengi hawapendi kulisikia. Kazi haichelewi mwaka mzima kwa mkasa mmoja; huchelewa siku moja moja. Leo fulani anaumwa, kesho mashine imeharibika, kesho kutwa kikao kimekula mchana. Hakuna siku hata moja iliyostahili kupigiwa kelele. Na msimamizi mdogo aonapo amechelewa siku mbili hamwambii mkubwa wake, kwa sababu anatumaini kuzifidia, na kwa sababu anajua akisema ataitiwa kikao cha kuulizwa kwa nini. Basi taarifa njema hupanda ngazi na taarifa mbaya hubaki chini. Dawa aliyoipendekeza ni kwamba mkubwa ajizuie kutoa amri kila apokeapo taarifa ya kuchelewa, ili taarifa isiwe sawa na mashtaka. Na kwamba vituo vya njiani viwe vya namna isiyobishaniwa. "Kubuni kunaendelea vizuri" si kituo. "Maelezo ya kipande hiki yametiwa sahihi na pande zote mbili" ni kituo, kwa kuwa ama sahihi ipo ama haipo.

La tatu lilimhusu yule mkubwa anayedhani kuchelewa hutibiwa kwa kuongeza watu. Mwenye kupika pilau ya harusi anajua kwamba wapishi sita wakiletwa saa tano asubuhi kwa kazi iliyoanza alfajiri, wale wa kwanza itabidi waache masufuria wawaonyeshe wageni chumvi iliko, kuni ziliko, na sufuria lipi limekwisha kutiwa viungo. Katika programu ni hivyo hivyo, ila mafunzo hayo huchukua miezi.

KAMBA ILIYOSUKWA NA WANAWAKE

Kule Cambridge hapakuwa na kitabu cha Brooks. Lakini palikuwa na kitu kingine, kilichotokana na umbile la mashine yenyewe, kilichowalazimisha watu wa Apollo kusema kweli juu ya maendeleo yao.

Kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta ya Apollo haikuandikwa, ilisukwa. Programu iliyokwisha kukamilika ilipelekwa katika kiwanda cha kampuni ya Raytheon mjini Waltham, mji wenye sifa ya kutengeneza saa za mkono, ambako wanawake wenye vidole vyepesi, baadhi yao wakiwa wametoka viwanda vya nguo na vya saa, waliketi wawili wawili wakikabiliana, fremu katikati yao. Ndani ya fremu mlikuwa na vipete vidogo vya sumaku. Mtambo ulioongozwa na utepe wa matundu uliisogeza fremu mpaka kipete kinachotakiwa kikae sawa, na mmoja wa wanawake hao akapenyeza sindano yenye uzi wa shaba kumpa mwenzake upande wa pili. Uzi ukipita ndani ya kipete ulisomeka moja. Ukipita nje ulisomeka sifuri. Kila kipete kiliweza kuhusika na nyuzi 192. Fremu moja ilibeba nafasi 6,144, na fremu sita zilikamilisha programu ya safari moja. Mafundi waliuita mtambo huo kamba.

Uzuri wa kamba ulikuwa kwamba hakuna mtikisiko wala kukatika kwa umeme kulikoweza kuifuta. Ubaya wake ulikuwa huo huo. Kosa likigunduliwa baada ya kusukwa, haifutiki. Fremu nzima hutengenezwa upya. Kusuka na kukagua kulichukua majuma mengi, na kamba ilitakiwa kuwa tayari miezi kabla ya roketi kuondoka, ili ijaribiwe ndani ya chombo chenyewe na wanaanga wafanyie mazoezi yale yale watakayoyakuta angani.

Kwa hiyo katika kalenda ya kila safari palikuwa na siku moja isiyo na mjadala: siku ya kuikabidhi programu kiwandani. Haikuwa siku ya kusema "bado kidogo". Ama utepe umekwenda Waltham ama haujakwenda. Kutokana na siku hiyo wasimamizi walihesabu kurudi nyuma: lini majaribio ya mwisho yaanze, lini vipande viunganishwe, lini mlango wa maombi mapya ufungwe. Kila programu iliwekwa chini ya mtu mmoja aliyewajibika kwayo kutoka mwanzo hadi kukabidhiwa, naye kwa mzaha wa maabara aliitwa mama wa kamba, hata kama ni mwanamume mwenye ndevu. Programu zenyewe zilipewa majina ya jua na mwanga, kwa kuwa Apollo alikuwa mungu wa jua wa Wayunani wa kale: Sunburst, Sundance, Luminary.

IJUMAA NYEUSI

Mwaka 1966 kituo cha Houston, ambako safari zilikuwa zikipangwa, kilimtuma Howard Tindall asimamie programu za Cambridge. Wenzake walimwita Bill. Alikuwa mtaalamu wa hesabu za njia za vyombo, mcheshi, asiyependa maneno ya kupambapamba. Alisafiri mara kwa mara kati ya miji hiyo miwili, na kila baada ya kikao aliandika barua fupi kwa lugha ya mazungumzo akaisambaza kwa wote wanaohusika, wakubwa kwa wadogo. Barua hizo zikapata umaarufu hata zikaitwa kwa jina lake, Tindallgrams. Mtu aliyesema jambo kikaoni alijua kesho kutwa litasomwa na nusu ya Houston, wala hakuweza kusema mwezi ujao kwamba hakulisema.

Alichokikuta kilimtisha. Waandishi walikuwa watu wenye vipaji adimu, lakini ratiba zilikuwa za kukisia, na jumla ya programu zilizoombwa ilipita uwezo wa kumbukumbu ya mashine. Kila idara ilikuwa imeomba yake: hesabu za dharura, njia za akiba, maonyo ya ziada. Moja moja, kila ombi lilikuwa na busara. Zikijumlishwa hazikuenea.

Hapa kipimo kilipatikana cha ajabu kwa wepesi wake. Nafasi 36,864 ni nambari isiyobembelezeka. Kila kipengele kikawekewa bei yake kwa nafasi, kama mama wa nyumba anavyogawa fedha ya mwezi, na katika kikao kilichokuja kuitwa Ijumaa Nyeusi orodha ilipitiwa kifungu kwa kifungu. Kisichokuwa cha lazima kwa kutua na kurudi salama kiliondolewa. Watu waliona kazi yao ya miezi ikifutwa kwa kalamu. Vikao vya jina hilo vilirudiwa baadaye, kwa kuwa maombi hayakukoma.

Hata hivyo haifai kumwonyesha Tindall kama mkata shoka tu. Jambo kubwa alilolifanya ni kudai kwamba kila programu iwe na mpango ulioandikwa, wenye vituo vinavyojulikana, na kwamba kuchelewa kusemwe mapema wakati bado kuna la kufanya. Mwaka 1967 ikaundwa bodi ya kudhibiti mabadiliko chini ya Christopher Kraft wa Houston. Tangu hapo hakuna mhandisi, hakuna mwanaanga, aliyeweza kumnong'oneza mwandishi katika korido, "niongezee hiki." Ombi liliandikwa, likatajwa gharama yake kwa nafasi na kwa siku, na bodi ikalikubali au ikalikataa. Wengi walinung'unika. Lakini kabla ya hapo lengo lilikuwa likisogezwa kila siku na watu wasiojuana, na kundi linalokimbilia lengo linalosogea haliwezi kupimwa na mtu yeyote.

MOTO NA SEKUNDE NNE

Yote hayo pengine yasingetosha. Tarehe 27 Januari 1967 moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo kilichokuwa katika mazoezi ardhini, ukawaua wanaanga watatu: Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee. Safari za kubeba watu zilisimama hadi Oktoba 1968. Wakati mafundi wakikijenga upya chombo, waandishi wa programu walipata kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukiomba kwa bei hiyo, nacho ni muda. Mtu akisoma ratiba za wakati ule hawezi kuamini kuwa wangeliwahi bila ya msiba ule, na ni jambo gumu kulitamka.

Kundi lilikua. Wakati kazi ilipokuwa nzito kuliko zote, mwaka 1968, walizidi watu 300, na jumla ya jasho lote ilipita miaka 1,400 ya mtu mmoja. Majaribio yalifanywa kwa ngazi, kutoka kipande kidogo kilichojaribiwa peke yake hadi safari nzima iliyoigizwa ndani ya kompyuta kubwa, kutoka kuruka hadi kutua. Kipande hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha kwa sababu mwandishi wake ameridhika. Kilihesabiwa baada ya kupita ngazi iliyowekwa.

Na bado vipimo vyote hivyo vilikuwa na tundu. Tarehe 22 Januari 1968 chombo cha kutulia mwezini kilirushwa bila mtu kwa mara ya kwanza, katika safari ya Apollo 5. Injini ya kushukia ikawashwa, na baada ya sekunde 4 kompyuta ikaizima. Programu haikuwa na kosa la hesabu. Iliambiwa kwamba msukumo usipopanda kwa haraka fulani ijue kuna hitilafu, nayo ikatii. Lakini utaratibu wa kuiwasha injini ulikuwa umebadilishwa, msukumo ukawa unapanda polepole zaidi, na badiliko hilo halikuingia katika programu. Kwenye karatasi za maendeleo kila kisanduku kilikuwa kimetiwa alama. Watu wa ardhini waliiendesha safari iliyobaki kwa amri za redio, na shabaha zake kuu zikatimia.

MTOTO MAABARANI

Mmoja wa viongozi wa waandishi wale alikuwa mwanamke, Margaret Hamilton, mzaliwa wa jimbo la Indiana, aliyekuwa mama kijana alipoingia kazini hapo na ambaye hatimaye aliongoza utengenezaji wa programu za ndani ya vyombo. Kazi haikuwa na saa, na jioni na mwisho wa juma mara nyingine alimchukua binti yake mdogo maabarani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja mtoto alikaa mbele ya mtambo wa kuigiza safari, akabonyezabonyeza vitufe, na safari ikaanguka. Alikuwa ameiita, katikati ya njia ya mwezini, programu ya maandalizi ya kabla ya kuruka.

Hamilton aliomba kinga iongezwe ili jambo hilo lisiwezekane. Alijibiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vizuri na hawatafanya kosa la namna hiyo, na kila nafasi ya kumbukumbu ina mwenyewe. Aliruhusiwa kuandika onyo tu katika maelezo ya matumizi. Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa njiani kurudi kutoka mwezini, mwanaanga James Lovell, miongoni mwa wenye uzoefu mkubwa kuliko wote, aliita programu ile ile kwa bahati mbaya na kumbukumbu ya mwelekeo wa chombo ikapotea. Ikabidi ijengwe upya kwa kutazama nyota na kwa nambari zilizotumwa kutoka ardhini. Baada ya hapo ombi la kinga halikukataliwa tena.

Wasimamizi wa siku hizi wangefaa kulitafakari tukio hilo kuliko jingine lolote la Apollo. Orodha ya kazi huonyesha yaliyokubaliwa yamefika wapi. Haionyeshi yaliyokataliwa, wala haiwezi kuonyesha kama yaliyokataliwa ndiyo yatakayohitajika.

Makundi ya leo hayana kamba. Programu hutumwa kwa intaneti, na kosa la leo husahihishwa kesho, hivyo siku ya kukabidhi imepoteza ukali wake. Mahali pake pamewekwa desturi nyingine: kila majuma mawili kundi huonyesha kipande kinachofanya kazi mbele ya atakayekitumia, na kila miezi mitatu hutazamwa kama lengo la mwaka linakaribia. Desturi ni njema pale kipande kinapoonyeshwa kweli. Lakini mahali pengi kundi hujipa alama za kukisia uzito wa kila kazi, kisha alama hizo hujumlishwa na kuchorwa mchoro unaopanda kila juma, na mkubwa akafurahia mchoro. Huko ni kurudi kwenye asilimia 90 kwa mlango wa nyuma. Wanaofanya vizuri zaidi hujiwekea kamba ya hiari: hutaja mapema, kwa maandishi, ni mtu gani ataweza kufanya nini ifikapo mwezi fulani, na mtu huyo akishindwa hawakubali kuandika kwamba kituo kimefikiwa.

KENGELE NA KITUFE

Programu ya Apollo 11 iliwahi. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Edwin Aldrin wakiwa wanashuka, kompyuta ilitoa kengele ya nambari 1202, na baadaye 1201. Ilikuwa inaelemewa na kazi, kwa sababu rada isiyohitajika wakati ule ilikuwa ikiila muda wake. Lakini waandishi walikwisha kuipangia kazi zake kwa daraja, na ilipozidiwa ilitupa zile ndogo ikashikilia zile za kutua. Vijana wa Houston walizitambua kengele, kwa kuwa siku chache kabla walikuwa wameaibika nazo mazoezini wakaziandikia orodha. Wakasema waendelee, na chombo kikatua.

Muongo ulikuwa umebakiza miezi mitano.

Kamba ziliendelea kusukwa kwa safari zilizofuata. Tarehe 5 Februari 1971, chombo cha Apollo 14 kikiuzunguka mwezi na saa chache zikiwa zimebaki kabla ya kushuka, kitufe cha kuahirisha kutua kilianza kutoa ishara chenyewe, pengine kwa kipande cha risasi ya kulehemu kilicholegea ndani. Kompyuta ingeliiamini ishara hiyo wakati wa kushuka, ingelikatisha safari. Kamba ilikuwa tayari imesukwa na haikubadilika. Kule Cambridge kazi ikamwangukia mwandishi kijana, Don Eyles, aliyeandika sehemu kubwa ya programu ya kutua. Kwa muda usiozidi saa mbili alitunga namna ya kuidanganya mashine iamini kwamba imekwisha kuahirisha, ikajaribiwa kwenye mtambo wa kuigiza, ikasomwa kwa redio kutoka Houston, na Edgar Mitchell akaiingiza kwa vitufe, tarakimu baada ya tarakimu, katika zile nafasi chache za kuandikwa na kufutwa. Alan Shepard akakishusha chombo mahali palipokusudiwa.